Sina chama, sina cheo: naitumikiaje nchi yangu?

Swali. Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, nimesoma stashahada ya uhasibu. Nimerudi kijijini kwetu wilayani Same nikisubiri ajira, kwa sasa namsaidia mama dukani. Kila hotuba ninayoisikia inatuhimiza tuwe wazalendo, na mimi kwa kweli nataka. Lakini JKT sikwenda, chama sina wala sitaki kujiunga na chochote, na fedha za kuchangia ndiyo hivyo tena. Novemba 2024 nilipiga kura ya kijiji, na tangu siku hiyo najiona kama nimemaliza kazi yangu ya uraia. Mkutano mmoja niliohudhuria niliuliza fedha za ukarabati wa darasa zimefikia wapi. Nikaambiwa, "Kaa chini binti, hayo yana wenyewe." Je, nimebakiwa na nini cha kufanya?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii kwa miaka 31, sehemu kubwa ya miaka hiyo huko huko milimani, Upareni na Usambara. Swali kama lako nimelisikia mara nyingi, lakini ni mara chache limetoka kwa mtu anayejua kusoma hesabu za fedha. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, maana naamini kijiji chako kina shida na mtu kama wewe kuliko unavyodhani.

Nianze na hilo neno lililokuuma. Mambo ya kijiji yana wenyewe, na wewe ni mmoja wao. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, na mkutano huo ndio wenye kauli ya juu kabisa katika kijiji. Halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inafanya kazi kwa niaba ya mkutano huo. Mwenyekiti anauongoza, mtendaji anaandika muhtasari, lakini hakuna kati yao aliye juu yake. Katiba yenyewe, ibara ya 146, inaeleza kwamba serikali za mitaa zimewekwa ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee wa umri wangu tunakumbuka mwaka 1972 halmashauri zilipofutwa na mambo yote yakahamia kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Zilirudishwa baada ya sheria za 1982 kwa sababu nchi iliona kwamba ofisa aliye mbali hawezi kujua mfereji upi umebomoka. Kwa hiyo ulipouliza habari za darasa ulikuwa unatumia haki ambayo nchi hii iliwahi kuipoteza ikaitafuta tena.

Umeniambia huna chama na hutaki. Kuna nafasi ambazo kweli bila chama huzipati: mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, ujumbe wa halmashauri ya kijiji, udiwani, ubunge. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani kwa miaka mingi, tangu Mahakama Kuu miaka ya 1990 hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Juni 2013 ilisema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki zake. Hata hivyo, katika uchaguzi uliopiga kura wewe wagombea walikuwa bado ni wa kudhaminiwa na vyama. Huo ndio ukweli wa mambo, na una haki ya kuusikitikia. Lakini zihesabu nafasi zote za utumishi zilizopo kijijini, utaona zinazodai kadi ya chama ni chache. Kamati ya shule haidai. Kamati ya zahanati haidai. Chombo cha maji, baraza la ardhi la kijiji, kamati ya mfereji, benki ya damu, hakuna hata kimoja kinachokuuliza kadi. Katika miaka yangu yote ya kazi, nafasi za chama ziligombewa hadi watu wakanuniana, na hizi nyingine tulibembeleza watu wazijaze. Nilishuhudia kamati za shule zikiundwa kwa kunyooshea kidole aliyechelewa kufika mkutanoni.

Hapo ndipo ningependa uingie wewe. Hujasema mtoto wako ana umri gani. Kama ameshaanza shule ya msingi hapo kijijini, wewe ni mzazi, na wajumbe wa kamati ya shule huchaguliwa na wazazi. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati hiyo, mwenyekiti hutoka miongoni mwa wajumbe wazazi. Watu wengi wanadhani tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 kamati haina kazi, kwa kuwa wazazi hawalipi tena. Mambo ni kinyume chake. Utaratibu ule ulipoanza, kila mwanafunzi wa shule ya msingi alipangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Shilingi 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 zikienda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Fanya hesabu ya shule yenye watoto 600. Hizo ni shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, yaani kama laki tatu kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na kadhalika. Kwa laki tatu kwa watoto 600, kila elfu ishirini inayopotea inaonekana darasani. Ni fedha ndogo kiasi kwamba mhasibu mmoja mwenye daftari anaweza kuzifuatilia zote bila kompyuta, na zinatosha kabisa kuiba usingizi wa mwalimu mkuu mwaminifu asiye na mtu wa kumsaidia kuziandika. Walimu wakuu wengi niliowafahamu hawakuwa wezi. Walikuwa walimu wa hisabati au Kiswahili waliotwishwa uhasibu ambao hawakuusomea. Ukienda kwa mwalimu mkuu ukamwambia, "Mwalimu, naweza kukusaidia kupanga hati za malipo Jumamosi moja kwa mwezi," utakuwa umefanya utumishi ambao hakuna jukwaa litakalokushangilia, na watoto wataufaidi.

Zahanati ni vivyo hivyo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo vya afya na zahanati zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa halmashauri, na kamati ya kituo, yenye wawakilishi wa wananchi ndani yake, ndiyo inayopitisha mpango wa matumizi. Uliza kwenu kamati hiyo ilikaa lini mara ya mwisho. Usiulize kwa hasira.

Sasa nirudi kwenye mkutano uliokatizwa kauli, kwa sababu hapa kuna ufundi, na ufundi huo mimi mwenyewe ulinichukua miaka kuujua. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu, na kila robo mwaka wananchi wasomewe taarifa ya mapato na matumizi. Wewe ulisimama ukauliza swali zito kuhusu jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda, mbele ya watu waliokuwa wanataka kurudi shambani. Swali lako lilikuwa halali, aliyekukaripia alikosea, lakini mahali pa kuliweka palikuwa pengine. Wiki moja kabla ya mkutano ujao, nenda ofisini kwa mtendaji, msalimie, mwombe ajenda, na usome kilichobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Taarifa ikisomwa, andika tarakimu nne tu: salio la mwanzo, jumla ya mapato, jumla ya matumizi, salio la mwisho. Sina haja ya kukufundisha mhasibu kwamba salio la mwisho la robo iliyopita sharti lifanane na salio la mwanzo la robo hii. Ila nakuhakikishia, katika vijiji vingi nilivyopita hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelinganisha hizo namba mbili, kwa sababu hapakuwa na aliyetunza ile karatasi ya robo iliyopita.

Halafu uliza swali moja lenye namba ndani yake. "Ndugu mwenyekiti, robo iliyopita tulisomewa salio fulani, leo tumeanzia pengine, naomba tuelezwe tofauti hiyo imetokana na nini." Ukiuliza hivyo ni vigumu mtu kukuambia ukae chini, maana umeitaja karatasi yao wenyewe. Kabla ya hapo ongea na mama mmoja mtu mzima anayeheshimika, mwombe asimame baada yako aseme, "Hata mimi ningependa kulisikia jibu hilo." Na kabla hujakaa, tamka neno hili: naomba swali langu liingie kwenye muhtasari. Swali lililoandikwa halifi. Mkutano ujao litarudi lenyewe chini ya yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kwenye muhtasari wa mkutano uliopita, na safari hii atakayelisoma ni mtendaji. Nimeona yatokanayo ikimaliza mambo ambayo makelele ya miaka mitatu yalishindwa kuyamaliza.

Nikupe mfano mmoja wa daftari. Kijiji kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, kilijenga zahanati kwa nguvu za wananchi na saruji ya halmashauri. Mama mmoja aliyekuwa anauza uji kwa mafundi alijizoesha kuandika kila mfuko wa saruji unaoshushwa na kila unaofunguliwa, tarehe na jina la fundi. Hakutumwa na mtu. Aliniambia baadaye kwamba alifanya hivyo kwa sababu mwanawe alifia njiani wakipelekwa hospitali ya wilaya, na hakutaka jengo lile lije kuporomoka. Mkaguzi wa ndani alipokuja, leja ya stoo ilikuwa na kurasa zilizochanwa. Daftari la muuza uji likawa ndiyo kumbukumbu pekee iliyokamilika. Saruji iliyokosekana ililipwa, jengo likamalizika, na mpaka nastaafu lilikuwa linatoa huduma. Kila ninaposikia neno uzalendo, mimi namkumbuka mama yule na kalamu yake iliyofungwa kamba shingoni.

Kuna jambo la majira ambalo viongozi wachache huwaeleza wananchi. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, Bunge linakaa Dodoma kwa bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Watu wengi huanza kudai daraja au bomba la maji wakati huo, wakisikiliza redio. Ni kuchelewa. Kipaumbele cha kijiji kinatakiwa kiwe kimeshapita mkutano mkuu, kikaenda kamati ya maendeleo ya kata, kikafika halmashauri ya wilaya miezi kadhaa kabla ya hapo. Kama una jambo unalitaka kwa kijiji chako, liseme Oktoba au Novemba. Mei utasikiliza ya wenzako.

Wewe ni wa Same, kwa hiyo msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, sihitaji kukufafanulia. Babu zako walipokusanyika pembe ikipulizwa hawakuwa wanasubiri hotuba. Ndiva zile, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili mchana yamwagilie mashamba, kama zile za Bangalala na bonde la Makanya, zilichimbwa kwa mikono na zimeendelea kuwa hai kwa sababu kila mwenye shamba hutoka kuzoa tope, na asiyetoka hutozwa faini. Huo ni uraia uliokuwapo kabla ya Katiba yoyote kuandikwa. Kinachonisikitisha siku hizi ni vijana wenye elimu kuona kuzoa tope ni kazi ya waliofeli. Kama mgongo unaruhusu, toka na jembe lako. Na mkimaliza, mwulize mzee wa mfereji kama zamu za maji zimeandikwa popote. Ugomvi mwingi wa maji niliousuluhisha ulitokana na zamu zilizokaa kichwani mwa mzee mmoja, na mzee huyo akafariki. Kuziandika, zikasomwa mbele ya wote na nakala zikabandikwa, ni kazi ya siku mbili inayoweza kuzuia panga kutolewa. Kwa maji ya bomba ni hivyo hivyo: baada ya RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, kuanza Julai 2019, miradi ya vijijini inaendeshwa na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii. Hao nao wanakusanya fedha za ndoo na dumu, wanahitaji mtu wa vitabu, na mara nyingine humlipa kidogo.

Ugomvi ukishatokea, bado kuna pa kutumikia. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, halihukumu tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu, na limepewa siku 30 kwa shauri. Wengine walilia kwamba limenyang'anywa meno. Mimi nililiona jambo hilo kwa jicho lingine, maana usuluhishi unataka mtu msikivu anayeaminika na pande mbili, na watu wa namna hiyo wapo wengi kuliko wanaojua sheria. Kwa umri wako labda bado kidogo. Liweke akilini.

Halafu kuna damu. Hapa sina maneno mengi ila namba, maana hofu nyingi zinatokana na kutojua. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004. Mchangiaji anatakiwa awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu (himoglobini) usiopungua gramu 12.5 kwa desilita, mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne, na si wakati wa ujauzito wala wa kunyonyesha. Damu yenyewe ni kama mililita 450, na chembe nyekundu haziwekeki zaidi ya wiki tano au sita. Ndiyo maana haisaidii sana watu mia wajitokeze siku moja ya sherehe kisha mwaka mzima kimya. Wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji, kwa hiyo shule zikifungwa, Desemba na Juni, akiba hupungua, na hapo ndipo mama aliyevuja damu baada ya kujifungua hukuta jokofu tupu. Ukichagua mwezi wa kuchangia, chagua huo.

Sikutaka kusema mengi kuhusu JKT. Ni utumishi wa heshima, ulianza Julai 1963, na waliopita huko nawaheshimu. Lakini usijione pungufu. Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba, waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao na makasia. Katika watu 43 waliokuwamo, 24 walitoka hai. Wavuvi wale hawakuwa na gwanda. Walikuwa karibu, na walikuwa wanajua maji. Wewe uko karibu na shule, na unajua vitabu vya fedha.

Kuhusu kura yako, nakupongeza, na nikukumbushe jambo linalowachanganya wengi: orodha ya wapiga kura wa kijiji, ile iliyoandikishwa Oktoba 2024, si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linalotumika kumchagua rais, mbunge na diwani. Kujiandikisha kwenye moja hakukuingizi kwenye lingine. Waeleze na majirani wanaokuja dukani. Duka la mama yako, kwa kweli, ni ofisi nzuri kuliko nyingi. Tangazo la mkutano likibandikwa hapo litasomwa na watu wengi kuliko kwenye mti wa mnazi ulio mbali na njia.

Na michango? Usione haya kwamba huna. Mchango wa hiari ni mzuri, lakini unapotolewa kwa kutishwa si uzalendo tena. Anayetoa mia tano ana haki ya stakabadhi sawa na aliyetoa laki, na mwenye kudai stakabadhi kwa upole anamsaidia hata mkusanyaji.

Sasa, zile fedha za darasa. Bado hujajibiwa, na sipendi swali hilo lipotee. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kumtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi kwa mtendaji wa kijiji: jina lako, kitongoji chako, kwamba wewe ni mkazi, kwamba unaomba kujua kiasi kilichopokelewa kwa ajili ya ukarabati wa darasa, tarehe kilipopokelewa, kilichotumika na salio. Usimtuhumu mtu. Usiandike neno "ubadhirifu", huna ushahidi nalo, na pengine fedha bado ziko benki zikisubiri fundi. Siku zikipita bila jibu, nakala iende kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri. Namba 113 ya TAKUKURU haina malipo, lakini iache mpaka uwe na karatasi mkononi. Barua itoe nakala mbili. Moja mwachie, nyingine mwombe aigonge muhuri na kuandika tarehe aliyoipokea, uondoke nayo, uifungie kwenye daftari moja na tarakimu zako nne za robo hii.